Tunajua Kuzika, Hatujui Kuuguza



Tunaomba mtusikilize hata kama baadhi ya maneno yetu yatawachoma. Sisi ni familia moja ya Buyenzi, hapa Bujumbura. Hatutamtaja mtu, wala msikiti, wala hospitali. Hatukuja kugombana na yeyote. Tumekaa siku arobaini na moja kwenye korido ya hospitali tukimuuguza mdogo wetu, na tuliyoyaona huko yametulazimisha tuseme wazi: sisi Waislamu wa huku tunajua kuzika, lakini hatujui kuuguza.

Kuzika tunajua, alhamdulillah, wala hatulibezi jambo hilo. Mtu akifa alfajiri, kabla ya adhuhuri habari imefika avenyu zote. Sanda imepatikana, waoshaji wamekuja bila kuitwa, vijana wamekwisha kwenda kuchimba kaburi, kina mama wameinjika masufuria, na gari za kwenda makaburini hatujui hata nani amezilipia. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa kabila gani au alikuwa na deni la nani. Hii ni fardhi kifaya na tunaitekeleza vizuri. Lakini mtu asipokufa? Akibaki kati ya uhai na mauti, mwezi mmoja, miezi miwili, miezi sita? Hapo ndipo tunapoanguka.

YALIYOTUPATA

Mdogo wetu ana miaka 22, ni mwanafunzi. Jioni moja alikuwa anarudi mjini kwa pikipiki ya abiria kwenye njia ya Rumonge. Dereva alikuwa amevaa kofia ngumu, yeye hakuwa nayo. Waligongana na gari. Dereva alivunjika mkono. Mdogo wetu alipiga kichwa kwenye lami, na tulipofika hospitali hakuwa akijua kama yuko duniani.

Daktari alitueleza kwa upole. Alisema kuna kipimo cha fahamu kilichotungwa na madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, mwaka 1974, nacho kinatumika mpaka leo dunia nzima. Wanatazama mambo matatu: mgonjwa anafungua macho namna gani, anasema nini, na anajongeza viungo namna gani. Mwenye fahamu kamili hupata 15. Asiyejibu kitu chochote hupata 3. Aliyepata 8 au chini yake huhesabiwa kuwa ameumia vibaya sana. Mdogo wetu alipata 6. Mama aliuliza, "Sita juu ya ngapi?" Alipojibiwa, alikaa chini sakafuni.

Kuanzia usiku ule tulihamia hospitali. Wanaojua hospitali zetu wanajua kuwa mgonjwa bila ndugu wa kumuuguza ni mgonjwa nusu. Muuguzi mmoja ana vitanda vingi. Ndugu ndio wanaokimbia famasi na karatasi ya dawa, wanaonunua serumu, glavu na sindano, wanaofua mashuka, wanaomsafisha mgonjwa, wanaomgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze kwa kulaliwa. Ndugu ndio wanaoleta uji laini wa kupitishwa kwenye mpira wa puani. Tulilala kwenye mkeka chini ya dirisha, tukajifunika kitenge kimoja watu wawili. Adhana ya alfajiri tuliisikia kwa mbali, tukawa tunaswali kwa zamu ili mmoja abaki kitandani kwake.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa tuseme jamii yetu ilifanya nini.

KWANZA: UMATI WA SIKU TATU

Siku tatu za mwanzo walikuja watu hata tukashindwa kuhesabu. Walijaa korido, walijaa ngazi. Wauguzi walikasirika, na walikuwa na haki. Kila aliyekuja alitaka aingie amwone kwa macho yake. Kila aliyeingia alitaka asimuliwe tangu mwanzo: aligongwa wapi, na gari gani, damu ilitoka wapi. Mama alisimulia habari ile mara hamsini, na kila mara ilikuwa kama anaiona upya.

Na wengine, Allah atusamehe sisi na wao, walitoa simu. Walimpiga picha kijana wa watu akiwa na mipira puani, kichwa kimefungwa, mwili nusu uchi. Kabla ya magharibi picha ile ilikuwa imefika Kigoma, Uvira na Muskati. Shangazi yetu aliyeko Omani hakupata habari kutoka kwetu, aliipata kwenye simu yake, na chini ya picha mtu ameandika "innalillahi" kama vile keshakufa! Tunauliza: ni nani aliyehalalisha kuuvunja utupu wa mgonjwa asiyeweza kusema "hapana"? Maiti tunamfunika tunapomwosha. Aliye hai tunamtembeza mitandaoni?

Siku ya nne walipungua. Wiki ya pili tulihesabu watu watano. Wiki ya nne hakuna aliyekuja isipokuwa jirani mmoja, mama muuza mboga ambaye si Muislamu, aliyekuwa akituletea ndizi na kutushikia zamu ya saa mbili tukalale. Huyu tutamkumbuka maisha yetu yote. Na tulipokuwa tunamshukuru tuliona haya, kwa sababu msikiti una safu ngapi siku ya Ijumaa?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Hakusema ni haki ya siku tatu. Tulipata wapi hesabu ya siku tatu? Tumeichukua kwenye msiba tukaivisha ugonjwa. Tumemfanyia aliye hai tanga.

PILI: KILA MTU DAKTARI

Siku ya kumi na moja mdogo wetu alianza kufungua macho. Hakuwa akitazama kitu, lakini macho yalifunguka. Tulilia kwa furaha. Siku ile ile alikuja mzee mmoja mwenye kuheshimika, na chupa ya maji ya zamzam. Dada yetu alikuwa ametoka kwenda famasi. Mzee yule, kwa nia njema kabisa, alimwinua kichwa akammiminia maji mdomoni.

Mgonjwa ambaye ubongo wake umeumia anaweza kuwa amepoteza uwezo wa kumeza. Maji hayaendi tumboni, yanaingia mapafuni. Ndiyo sababu ya ule mpira wa puani. Alikabwa, akabadilika rangi, wauguzi wakaja mbio kuyavuta maji kwa mashine. Usiku homa ikapanda. Kifua kikaoza kwa siku tisa, dawa tulizonunua siku hizo zilikuwa ghali kuliko zote za kabla yake. Ndipo mashine ya mama ya kushonea ilipouzwa.

Zamzam ni maji ya baraka, nani anayekana? Lakini baraka haiondoi sababu. Hata mtoto akipaliwa na maji ya zamzam anakohoa.

Wengine walikuja na fatwa zao. "Huyu hakugongwa, huyu ametupiwa jini." "Mtoeni hapa, kuna fundi anajua vichwa." "Madaktari wanataka pesa tu." Na mgonjwa alipoanza kuamka, wiki ya nne, mambo yakawa magumu zaidi. Alikuwa akipiga mateke, anang'oa mpira, anamtukana mama yake matusi ambayo hatujawahi kuyasikia kinywani mwake. Wageni walitikisa kichwa: "Mmeona? Jini limeanza kusema." Baba mdogo alitaka atolewe usiku ule ule.

Daktari alituambia kuwa hali ile ni ya kawaida kwa aliyeumia ubongo anaporudi katika fahamu. Ubongo unaamka vipande vipande. Sehemu ya hasira inaweza kuamka kabla ya sehemu ya kuizuia. Mgonjwa hajui alipo, hajui siku gani, hakumbuki dakika tano zilizopita, kila mkono unaomgusa anauona ni adui. Dawa ya kwanza ni utulivu: watu wachache, sauti ndogo, taa isiyochoma, sura zile zile anazozijua. Yaani kinyume kabisa cha umati wetu!

Hatusemi kuwa majini hawapo. Qur'an imewataja. Hatusemi ruqya haifai. Tulimsomea mdogo wetu kila usiku, polepole, karibu na sikio. Lakini kumsomea ni jambo moja, na kumtoa mtu aliyepasuka fuvu hospitali kumpeleka kwenye moshi wa ubani ni jambo jingine. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, na akafundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake.

Na kuna habari ambayo tunawaomba masheikh waisome juu ya mimbari. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani akajeruhiwa. Usiku akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayammamu. Wakamwambia hapana, maadamu maji unayo. Akaoga, na akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika sana, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba walipokuwa hawajui ilikuwa wajibu wao waulize.

Tazameni, enyi ndugu! Mtu mwenye jeraha la kichwa. Wenzake wenye nia njema. Ushauri wa dini uliotolewa bila elimu. Na hukumu ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa nzito namna gani. Hakuwaambia, "Msijali, ni kadari yake." Basi yule anayesimama mbele ya kitanda cha mgonjwa na kutoa ushauri asioujua, aitafakari hadithi hii kabla hajafungua mdomo.

TATU: KWA NINI KINA MAMA PEKE YAO?

Hili litawaudhi wanaume wenzetu, nasi tuliomo katika familia hii tunajisema wenyewe kwanza. Katika wodi ile, usiku, kwenye kila mkeka alilala mwanamke. Mama, dada, mke, shangazi. Wanaume tulikuja asubuhi tukiwa tumeoga, tukauliza "Ameamkaje?", tukaomba dua ndefu, tukaondoka. Tulisema tunatafuta pesa. Wengine kweli tulitafuta. Wengine tulikuwa barazani.

Mama yetu ana kisukari. Alilala sakafuni usiku kumi na sita mfululizo, mpaka akaanguka yeye mwenyewe. Ndipo tulipozinduka tukagawana zamu. Na tulipoanza kumgeuza mdogo wetu, kumsafisha haja zake, kumkata kucha, kuna waliotucheka. "Mwanaume mzima anabadilisha nepi!"

Hao waliocheka hawajasoma sira. Vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, ni siku tukufu kuliko zote katika vita vya Uislamu. Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) hakuwepo. Alikuwa wapi? Alikuwa Madina anamuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.). Aliyemwambia abaki ni Mtume mwenyewe, na akampa fungu la ngawira na ujira sawa na aliyepigana Badri. Bi Ruqayya hakupona, alifariki. Lakini kazi ya Uthman kitandani mwa mgonjwa ilihesabiwa sawa na kazi ya upanga. Je, sisi ni wanaume kuliko Uthman?

Na wanawake wanaouguza, heshima yao iko wapi kwetu? Sa'd bin Muadh (r.a.) alipopigwa mshale mkononi katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye apate kumzuru. Vitabu vya sira vinamtaja Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwatibu majeruhi katika hema lake pale msikitini. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulikuwa na nafasi ya majeruhi. Misikiti yetu ina mazulia mazuri, ina vipaza sauti, ina jeneza. Haina hata daftari lenye majina ya wagonjwa wa mtaa.

NNE: PESA YA MAITI NA PESA YA MGONJWA

Hapa ndipo penye uchungu wetu mkubwa, na tutasema bila kuficha.

Wiki ya tatu deni lilikuwa limetushinda. Tulikwenda kuomba msaada. Tulijibiwa vizuri, kwa upole: hali ni ngumu, petroli haipatikani, biashara zimelala, tumwombe Allah. Ni kweli, maisha ni magumu, kila mtu Bujumbura analijua hilo. Tulirudi kimya.

Wiki ile ile alifariki mzee mmoja wa mtaa wetu, Allah amrehemu na ampe Pepo. Katika khitma yake walichinjwa mbuzi, likapikwa pilau la kulisha mtaa mzima, watu wakatoa noti bila kuombwa mara mbili. Tulikuwepo, tulikula. Na tonge ilikuwa inatukwama, kwa sababu tulikuwa tunahesabu: sufuria hili ni siku ngapi za dawa? Mbuzi huyu ni picha ya kichwa ambayo daktari ameiomba tangu Jumatatu na hatujaweza kuilipa.

Kaka yetu mkubwa alisema neno usiku ule ambalo hatutalisahau. Alisema, "Angekufa, tusingekuwa na shida ya pesa."

Ndugu Waislamu, ni jamii gani hii ambayo kufa ni rahisi kuliko kupona? Ambayo familia inaona kuwa mgonjwa wao angepata msaada zaidi akiwa ndani ya sanda? Katika sura ya Al-Maida, aya ya 32, Allah (s.w.) amelinganisha kuokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote. Sisi aya hii tunawasomea wengine tukitaka kuonyesha kuwa dini yetu ni ya amani. Hatujisomei wenyewe tukiwa na noti mkononi.

Watu watasema, "Sadaka kwa maiti inamfikia." Hatubishani juu ya hilo. Nenda ukamtolee baba yako sadaka. Lakini ni nani amekwambia sadaka ya marehemu lazima iwe pilau? Mlipie mgonjwa serumu, nuia thawabu zimfikie baba yako. Na zaka je? Katika makundi manane yaliyotajwa kwenye sura ya At-Tawba, aya ya 60, wamo mafakiri, wamo masikini, wamo wenye madeni. Familia iliyouza cherehani, ikauza kitanda, ikakopa kwa ajili ya kumtibu mtoto, kama haimo katika makundi haya, ni nani basi aliyemo?

TUNATAKA NINI?

Tusije tukalalamika tu bila kusema njia. Haya tunayoyaomba hayahitaji wafadhili kutoka nje.

1. Kila msikiti uwe na daftari la wagonjwa. Watu wawili, mwanamume na mwanamke, wawe na jukumu la kujua nani amelazwa, tangu lini, na ana nani wa kumuuguza. Daftari lisifungwe siku ya tatu. Lifungwe mgonjwa akipona au akifariki.

2. Ziara ziwe na mpango. Familia ichague msemaji mmoja wa kutoa habari. Wageni waje wawili wawili, wakae kidogo, wanawe mikono, waombe dua na waondoke. Asiingie mtu na simu yake wazi. Asimpe mgonjwa kitu mdomoni bila kumuuliza muuguzi, hata kama ni maji, hata kama ni asali, hata kama ni zamzam.

3. Ziara bora ni ile ya kazi. Badala ya watu thelathini kuja kutazama, waje watatu: mmoja ashike zamu ya usiku, mmoja afue, mmoja aende famasi. Vijana wa madrasa na wanafunzi wa vyuo, hii ni kazi yenu. Mna nguvu ya kukesha mkitazama mpira, basi mna nguvu ya kukesha wodini usiku mmoja kwa mwezi.

4. Kila khitma na kila walima itenge fungu la mgonjwa. Hatusemi pilau lifutwe. Tunasema sufuria moja lipungue.

5. Masheikh watufundishe fiqhi ya mgonjwa. Anaswali vipi aliyelala chali? Anatayammamu vipi mwenye bandeji? Aliyezimia siku ishirini, swala zake zina hukumu gani? Wanazuoni wa madhehebu wamelizungumza hili na wametofautiana. Sisi tuliulizwa na mdogo wetu mwenyewe alipopata fahamu, tukabaki kutazamana.

6. Kofia ngumu! Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema watu kiasi cha milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Uchunguzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kuwa kofia ngumu inapunguza kifo cha mpanda pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wazazi, msimwambie mtoto "tawakali kwa Allah" huku kichwa chake kiko wazi. Mtume (s.a.w.) alivaa kofia ya chuma vitani, naye ndiye mwenye tawakali kuliko sote. Na wewe mwanafunzi, dereva akikwambia kofia ya abiria hana, shuka. Tafuta mwingine. Utachelewa darasa moja. Mdogo wetu amechelewa mwaka mzima.

NENO LA MWISHO

Watasema tumechafua jina la Waislamu hadharani. Tunajibu: jina letu lilichafuka pale wodini, tulipokuwa tunaletewa ndizi na jirani asiye wa dini yetu huku ndugu zetu wakitupita kwenda kula khitma. Kulisema ni kutafuta dawa. Watasema tuwe na subira. Subira tulikuwa nayo siku zote zile. Lakini subira ni ya mwenye mtihani. Aliye nje ya mtihani hapewi subira, anapewa kazi.

Mdogo wetu alitoka hospitali siku ya arobaini na moja. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa "maji", na safari hii daktari aliruhusu, kijiko kimoja kimoja, amekalishwa wima. Mama alimpa kwa mkono wake. Tuliposikia anameza bila kukohoa, tulisujudu sakafuni hapo hapo.

Lakini kutoka hospitali hakukuwa mwisho. Daktari alituambia kuwa ubongo hupona haraka zaidi miezi sita ya mwanzo, kisha unaendelea polepole miaka miwili na hata zaidi. Leo anatembea akiburuza mguu wa kulia. Anasahau. Anaweza kuuliza jambo moja mara nne. Sauti nyingi zinamchosha, hasira inamjia haraka, kisha analia kwa kujuta. Marafiki zake wa chuo walikuja mara mbili, wakaona si yule waliyemzoea, hawakurudi. Mtaani kuna wanaomwita "yule mwehu". Si mwehu. Ni mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauonekani kwa sababu kovu limefunikwa na nywele. Jioni anakaa mlangoni akitazama njia. Akisikia pikipiki inasimama anainua kichwa.

Basi kwa yeyote aliyekuja zile siku tatu, na kwa yeyote ambaye hakuja: mlango uko wazi. Ziara ya mgonjwa haijapitwa na wakati. Njoo peke yako, sema polepole, rudia jina lako kama amelisahau, mchukue mkono mwende naye msikitini swala moja tu, kisha mrudishe. Hilo halina gharama hata ya faranga moja.

Na kama si mdogo wetu, hapo kwenye avenyu yenu yupo mwingine. Yupo mama aliyepigwa na kiharusi, yupo mzee aliyevunjika nyonga, yupo mtoto aliyeungua. Tunajua kwamba yupo, kwa sababu mikeka ile ya wodini hatukuwa tumelala peke yetu. Muulizie leo baada ya swala, kabla hajatangazwa kwenye kipaza sauti.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape nguvu wanaowauguza, uwalipe wema wote waliotusaidia, Waislamu na wasio Waislamu, na utusamehe sisi tuliojifunza haya baada ya kupatwa. Amin.

 

Familia moja ya Buyenzi, Bujumbura